Sweta la Tobo

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilivyofika hapa. Mwenzangu niliyefungua naye karakana aliondoka na michoro yangu ya miaka mitatu. Kisha mashine yangu ya kufumia ikavunjika sindano thelathini kwa siku moja, kama kibogoyo anayemalizia meno. Na nilipokuwa nimeshakata tamaa, ikanijia bahati ambayo leo natamani ingepita mbali na mlango wangu: nguo zangu za kufuma, zilizobuniwa kwa kuigiza michezo, zikachaguliwa kufunga maonyesho makubwa ya mitindo.

Juma lililopita niliishia pale nilipomdanganya mwandishi wa gazeti. Nilimwambia kwamba baba yangu siku hizi anacheka.

Leo nasimulia kile uongo ule ulichonifanyia. Sitajipamba. Aliyekwisha kulowa hajifichi mvua.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza, baba yangu alikuwa golikipa. Alikuwa golikipa mzuri, wanasema, wa kudaka mpira kama anachuma tunda. Lakini dakika za mwisho za fainali moja, mpira dhaifu, mpira ambao bibi kizee angeusimamisha kwa fimbo yake, ulipita katikati ya miguu yake ukaingia wavuni.

Tobo. Anayejua mpira anajua kwamba kwa golikipa hakuna aibu inayozidi hiyo.

Kombe likaenda kwa wengine. Jina la baba likafa siku ile ile, akabaki Tobo. Mama akawa mke wa Tobo. Na mimi, niliyekuwa na miaka minne tu, nilipoanza shule nilikuta jina langu limenitangulia darasani: binti Tobo.

Baba hakugusa mpira tena. Akawa mtunza stoo katika kiwanda cha nyuzi. Mabaki ya nyuzi aliyokuwa anarudi nayo nyumbani ndiyo mama aliyonifundishia kufuma, kabla hajafariki. Ufundi wangu wote umetoka kwenye mifuko ya koti la baba.

Sasa muone nilichomfanyia.

Nguo zangu zilikuwa za mzaha mtamu. Nilikuwa nakwenda uwanjani jioni kuwatazama wazee wakicheza, nachora nyuma ya karatasi za kufungia uzi, kisha nafuma kipande kidogo cha kujaribu, nakivuta, nakifumua, nafuma tena. Nilifuma sketi ya uzi mnene yenye matundu ya wavu wa goli. Nilifuma soksi ndefu, moja imepanda, moja imeshuka makusudi. Nilifuma koti refu la mchezaji wa akiba, zito matakoni, la mtu atakayekaa benchi mpaka mwisho. Skafu ilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kadi nyekundu ya sufi: mume akikuudhi, unamtolea.

Kila aliyeziona alicheka. Lakini waandaaji waliozichagua walizipenda zaidi kwa sababu ya sweta moja.

Kifuani mwa sweta lile nilifuma miguu miwili ya golikipa, mirefu, imetanuka. Katikati yake niliacha mwanya. Ndani ya mwanya kulipita kamba, na kwenye kamba mpira mdogo wa sufi nyeupe. Mvaaji akipiga hatua, mpira unapita katikati ya miguu na kutokea upande wa pili. Hatua nyingine, unarudi. Goli, goli, goli, kila hatua.

Nilijiambia ni sanaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechekwa miaka mingi, na nikataka safari hii nicheke mimi kwanza.

Jumatatu asubuhi baba alikuja karakana kama kawaida. Tangu astaafu, kila siku saa mbili alikuwa anafika, anavua koti, anakaa kwenye stuli ya dirishani na kunizungushia uzi kwenye koni. Hakuna chombo kinachozungusha uzi kama mikono yake. Haukazi, haulegei.

Siku hiyo alikuja na gazeti limekunjwa kwapani.

Kipara, fundi wangu wa kuunganisha mishono na kupiga pasi, mtu wa makamo mwenye maneno mengi, aliliona gazeti kabla yangu. Akashusha pasi. Akasema anatoka kidogo kutafuta vifungo. Vifungo tulikuwa navyo kopo zima.

Baba akakaa. Akazungusha koni ya kwanza, ya kijani. Akazungusha ya pili. Mimi nilikuwa kwenye mashine, nasukuma mkono wake kushoto na kulia, hata sijui nafuma nini. Akamaliza ya tatu, akamaliza ya nne. Hakuacha uzi hata mmoja unaning'inia.

Ndipo akalifungua gazeti juu ya meza na kulilaza vizuri kwa kiganja.

Picha yake ya ujana, niliyoibandua kwenye albamu ya nyumbani bila kumwomba, ilikuwa kubwa kama sahani. Pembeni yake sweta langu. Juu yake wameandika kwa herufi nene: Tobo Acheka Mwisho.

"Lini nilikuambia nacheka?" akauliza.

"Baba, ni nguo tu. Ni mchezo. Watu watafurahi."

"Ule uzi mwekundu na mweupe nilikuzungushia mimi. Nilikuuliza ni wa nini."

"Ndiyo, baba."

"Ukasema unamfumia mtoto wa mteja."

Baba aliinuka. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni ambacho sijawahi kumwona akikifunga. Akatoka. Gazeti akaniachia.

Haikupita saa moja simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa maonyesho, mwanamke tuliyempa jina la Madam Ratiba kwa sababu hata kupumua anapanga. Alikuwa amefurahi kupita kiasi. Akaniambia ile habari imewasha moto, viti vyote vimeisha, wageni wakubwa wamethibitisha kuja. Kisha akaniuliza kama mzee mwenyewe anaweza kupita jukwaani Jumamosi akiwa amevaa lile sweta.

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto hulisema kabla ya mengine.

Nikasema atapita.

Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema. Wangu siku ile ulikuwa umeshamvunja mtu mfupa mmoja, na bado unatafuta mwingine.

Nilipofika nyumbani nilikuta kitanda cha baba kimetandikwa, shuka limevutwa kama la hospitali. Redio yake ndogo haipo. Wembe wake haupo. Kikombe chake kimeoshwa na kufunikwa kifudifudi. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na viatu vyangu miguuni, na nikajua kwamba hajatoka kutembea.

Jumanne nzima nilizunguka. Nilikwenda kiwandani, wakaniambia hawajamwona tangu aage. Nilikwenda hospitali mbili, nikasoma orodha ya waliolazwa. Nilikwenda kwa aliyekuwa beki wake wa kati, mzee ambaye sasa anafuga kuku. Hakunikaribisha ndani. Alizungumza nami kupitia waya wa banda, punje za mahindi mkononi.

"Sisi tuliopoteza kombe hatukuwahi kumtania usoni," alisema. "Wewe uliyelelewa na yeye umemtania gazetini."

Akaendelea kuwarushia kuku.

Jumatano asubuhi shangazi alinipigia. Huyu ni dada wa baba, fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke ambaye hajawahi kupaza sauti maishani mwake kwa sababu hajawahi kuhitaji. Aliniambia niache kuhangaika mjini, kaka yake yuko kwake. Niende. Lakini nisiende na mdomo.

Nyumba yake ni vyumba viwili. Cha mbele kina cherehani, ubao wa kukatia na marobota ya kitambaa cha buluu. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilisikia redio ndogo ikiongea humo, polepole.

Nilitaka kwenda moja kwa moja mlangoni. Shangazi akanisukumia stuli kwa mguu.

"Kaa kwanza. Siku ile ya fainali unakumbuka nini?"

Nikamwambia sikumbuki kitu, nilikuwa na miaka minne. Hata sikujua kama nilikuwepo.

"Ulikuwepo," akasema. "Ulikwenda na mimi."

Na huku anaendelea kupinda ukosi wa shati la mtoto wa mtu, shangazi akanisimulia kile ambacho nyumba yetu ilikificha miaka thelathini na moja.

Mama alikuwa amelala na homa siku ile. Shangazi ndiye aliyenichukua. Nilikuwa nimevaa sweta jekundu ambalo mama alilimaliza usiku uliotangulia. Jua lilikuwa kali, lakini nililia mpaka nikavalishwa. Tulisimama kwenye kona, nyuma ya kamba, karibu na goli la baba ili nimwone vizuri.

Mwishoni kabisa timu yetu ilipata nafasi kule mbele. Watu wote wakasimama. Shangazi naye akasimama, na ili apige makofi, akaniachia mkono.

Alipoinama hakuniona.

Nilikuwa nimepita chini ya kamba. Nilimtaka baba yangu. Nilikuwa natembea taratibu nyuma ya goli, na nyuma ya goli lori la maji ya kumwagilia uwanja lilikuwa linarudi nyuma. Dereva alikuwa ametoa kichwa dirisha la pili, anatazama mpira.

Wakati huo huo wapinzani walikuwa wameunyakua mpira na wanakuja. Baba alikuwa amejiweka sawa. Kisha akaona wekundu pembeni mwa jicho lake. Akageuza kichwa. Akamnyooshea dereva mkono na kumpigia ukelele ambao shangazi anasema bado anausikia akiwa peke yake.

Lori likasimama. Shangazi aliacha kushona, akanionyesha kwa viganja umbali uliobaki kati yangu na tairi. Ulikuwa upana wa ukosi ule wa shati.

Na mpira ukapita.

"Uwanja mzima ulikuwa unautazama mpira," shangazi alisema. "Yeye peke yake alikuwa anakutazama wewe."

Niliuliza kwa nini hakusema. Nadhani niliuliza mara tatu, kwa sababu sikuisikia sauti yangu. Akanijibu kwamba baba aliwakataza, yeye na mama. Alisema watu wakijua, lile goli wataliandika kwa jina la mtoto, na mtoto atakua nalo. Bora waliandike kwa jina lake, yeye ana mgongo wa kulibebea.

"Na alikuwa ananilinda mimi pia," shangazi akaongeza. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka karibu na cherehani. "Mimi ndiye niliyekuachia mkono."

Mwenzangu unayesoma, kuna aibu inayokuja kama kofi na kuna inayokuja kama maji, inapanda tu. Nilikumbuka nilivyoupima mwanya ule kati ya miguu ya sufi, vitanzi kumi na viwili, nikacheka peke yangu karakana, nikaongeza viwili ili mpira upite kwa urahisi.

Nilikwenda mlangoni. Nikapiga magoti sakafuni, kwenye vipande vya uzi wa buluu. Nikamwambia baba kwamba nimeambiwa. Nikamwambia nimekosa, nimekosa sana, na sijui nianzie wapi.

Redio ikazimwa.

"Bega la kushoto la lile sweta limevuta," sauti yake ikasema kutoka ndani. "Nimeliona kwenye picha. Umekaza vitanzi viwili au vitatu."

"Baba, nifungulie."

"Kaliangalie."

"Baba, tafadhali."

"Nenda kazini, mwanangu."

Redio ikawashwa tena. Shangazi alinishika kwapa akaninyanyua kama mzigo.

Nilitembea mpaka karakana bila kujua nimepita barabara zipi. Kipara aliponiona hakunitania. Nilimweleza yote. Aliwaza, akajikuna upara, akasema jambo moja la maana: sweta lile lisitoke hadharani, na kwa kuwa nguo zilishapelekwa ukumbini asubuhi ile, anayeweza kulizuia ni Madam Ratiba peke yake.

Alhamisi asubuhi nikaenda ofisini kwake. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo ni kubwa kuliko yote niliyokwisha kuwaungamia.

Nilidhani akijua ukweli atanihurumia. Nikamwambia. Nikamsimulia lori, kamba, sweta jekundu, mkono wa baba. Nililia mbele yake. Nikamwomba alitoe sweta kwenye maonyesho na picha ya baba kwenye mabango.

Alinisikiliza vizuri. Macho yake nayo yalikuwa na machozi, sitamsingizia. Alifuta jicho moja kwa ncha ya kidole, akavuta simu yake karibu.

"Hii ni nzuri kuliko ya kwanza," akasema. "Yule mwandishi lazima aipate leo."

Nilikuwa nimekwenda kuzima moto na kibuyu cha mafuta mkononi.

Nilimshika mkono wenye simu. Nilimweleza kwamba hicho ndicho kitu pekee ambacho baba amekilinda maisha yake yote. Jina likichafuka limechafuka, alishazoea, lakini mtoto asitajwe, na dada yake asitajwe. Madam Ratiba akafikiri. Nilimwona akifikiri, na kila nilipodhani amekaribia huruma, nilimwona akipita.

Mwisho akaniambia yeye si mnyama. Atanyamaza. Lakini ameshatangaza kwamba mzee atapita, na watu wamekuja kumwona mzee. Jumamosi saa tisa mzee akipita na sweta, habari ya lori itazikwa. Asipopita, basi mwandishi atapewa kitu kingine cha kuandika, kwa sababu ukurasa hauwezi kubaki mweupe.

Nguo zote, akanikumbusha, zilikuwa tayari zimefungiwa kwenye stoo ya ukumbi tangu Jumatano.

Alhamisi ile na Ijumaa nilikwenda kwa shangazi mara nne. Mlango ule haukufunguliwa. Sikuthubutu kumwambia baba sharti la Madam Ratiba. Ningemwambiaje kwamba siri aliyoificha miaka thelathini na moja, mimi nimekaa nayo siku moja tu nikaitoa? Nilimwambia shangazi peke yake. Aliutazama mlango ule. Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeamua. Naomba usinicheke. Akili ya mtu aliyebanwa haina macho. Nilijiambia kwamba sweta likikosekana, hakuna tobo jukwaani, na pasipo tobo hakuna atakayeuliza habari ya lori. Nitapanda mwenyewe, nitasema nilimsingizia mzee wa watu, nilibuni yote. Waniite mwongo. Nitakuwa sijaongopa nikikiri hilo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa michezo ya ndani, sakafu ya mbao iliyochorwa mistari ya rangi, na njia ya wanamitindo imetandazwa katikati. Mafundi wa taa walikuwa juu ya ngazi. Nilimwambia mtunza stoo kwamba bega la kushoto la sweta limevuta, nataka kulirekebisha. Hilo angalau lilikuwa kweli. Akanipa.

Nikaingia nalo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, cha mwisho, chenye benchi refu na ndoano za kutundikia ukutani. Nikafunga mlango. Nikaligeuza sweta ndani nje, nikatafuta fundo la mwisho shingoni, nikalikata kwa meno.

Wasiofuma hawajui jinsi kazi ya majuma matatu inavyokufa haraka. Unavuta, nayo inakuja. Inakuja kwa mlio mdogo, kama mtu anayesugua vidole sikioni mwako. Mstari mmoja kulia, mstari mmoja kushoto. Mabega yakaondoka, kwanza lile lililovuta. Kisha nikafika kwenye miguu. Ilikuwa imefumwa kwa misuko minene ili ionekane ina misuli, na ilikataa kidogo, ikang'ang'ania. Nikaivuta kwa nguvu. Mpira mweupe ukaanguka kutoka kwenye kamba yake, ukabingirika chini ya benchi.

Kipara aliingia nikiwa nimebakisha pindo. Alikuja kunitafuta kwa ajili ya sketi. Aliangalia lile rundo la uzi uliojikunja mapajani mwangu. Nilisubiri aseme. Akavuta ncha, akakaa kando yangu kwenye benchi, akaanza kuukusanya kuwa donge, ili usifungamane.

"Umefanya la maana au umefanya wazimu?" akaniuliza baadaye.

Nikamwambia sijui.

"Basi tumalize," akasema. "La nusu ndilo baya."

Tulimaliza. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Ukumbini muziki ulikuwa unajaribiwa, na tulisikia viti vikianza kujaa. Nilijifuta uso kwa kitambaa cha Kipara, nikayapanga kichwani maneno ambayo ningesema jukwaani. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilipumua hadi chini ya tumbo.

Mlango ukagongwa. Ulikuwa ugongaji wa Madam Ratiba, mara tatu, kwa mpangilio. Kipara, bila kuambiwa, alilichukua donge la uzi na kulificha nyuma ya mgongo wake.

Sijawahi kumwona Madam Ratiba hivi tangu nimjue: alikuwa anatabasamu na meno yote.

"Nilijua hutaniangusha," akaniambia.

Akasogea pembeni. Nyuma yake alisimama baba.

Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa koti lile lile, vifungo vyote vimefungwa, na viatu vilivyopakwa rangi mpaka vinaakisi taa. Nyuma yake kidogo, kwenye ujia, nilimwona shangazi akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, hanitazami. Hapo nikaelewa nani alimwambia.

Baba aliingia. Akamsalimia Kipara. Akaangalia benchi, ndoano, taa, kama golikipa anayekagua goli geni. Kisha akaja akasimama mbele yangu, karibu, akashusha sauti ili Madam Ratiba asisikie.

"Shangazi yako ameniambia sharti lao," akasema. "Wacheke tu. Wameshawahi kunicheka, haikuniua. Ila lile la lori lisitoke. Lile ni letu."

Nilijifuta macho kwa mkono wa nguo.

"Usilie, utaharibu kazi. Bega uliliangalia?"

"Baba..."

"Tuna nusu saa," alisema Madam Ratiba pale mlangoni. "Mvalishe, nimwone. Mwandishi yuko hapa nje na kamera."

Baba alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kuanzia kile cha shingoni. Akalivua, akalikunja, akampa Madam Ratiba alishike. Chini yake alikuwa na fulana nyeupe, na nikaona jinsi mabega yake yalivyopungua.

"Utanisaidia, mwanangu," akasema. "Huu mkono wa kulia siku hizi haupandi vizuri."

Akanyanyua mikono yote miwili juu kadiri ilivyoweza. Akainamisha kichwa na kufumba macho, kama mtoto anayengoja kupitishiwa nguo yenye shingo nyembamba.

Nilimtazama Kipara. Kipara alikuwa anatazama sakafu.

Mikono ya baba ilianza kutetemeka, lakini hakuishusha.